Mkuki kwa nguruwe: funzo la mkono wa Wikus

Juma hili nataka tuzungumzie sinema. Najua wapo watakaoguna kwamba sinema ni burudani ya Jumamosi jioni, haina nafasi katika maongezi ya watu wazima. Hata hivyo ipo picha moja ya Afrika Kusini, iliyotoka mwaka 2009, yenye tukio ambalo kila aliyeliona analikumbuka. Nalo linatufunza jambo kubwa kuhusu namna binadamu anavyoweza kupoteza haki zake kati ya asubuhi na jioni.

Picha hiyo inaitwa "District 9", yaani Wilaya ya Tisa. Aliyeiongoza ni Neill Blomkamp, mzaliwa wa Johannesburg. Kisa chake ni cha kubuni. Mwaka 1982 chombo kikubwa kutoka anga za mbali kinakuja kusimama juu ya jiji hilo. Ndani yake wanakutwa viumbe wasio binadamu, wamedhoofu kwa njaa. Wanashushwa, wanawekwa kambini, na miaka inavyokwenda kambi inageuka mtaa wa mabanda uliozungushiwa ua. Wenyeji wanawapachika jina la dharau: wanawaita kamba, wale wa baharini, kwa jinsi sura zao zilivyo.

Baada ya zaidi ya miaka 20 wakubwa wanaamua viumbe hao wahamishiwe mbali na jiji. Kazi inapewa kampuni binafsi, nayo inamteua Wikus van de Merwe kuwa msimamizi. Wikus, aliyeigizwa na Sharlto Copley, ni karani wa kawaida. Cheo amekipata kwa baba mkwe wake, mkubwa katika kampuni hiyo. Jina lenyewe ni la mzaha, kwani katika vichekesho vya Afrika Kusini Van der Merwe ndiye Kaburu mjinga anayechekwa na kila mtu.

Wikus anapita kibanda hadi kibanda na makaratasi yake, akiwataka viumbe watie sahihi notisi ya kuhama. Wakazi wa miji yetu hawahitaji kuelezwa notisi ya namna hiyo ni kitu gani. Hana sura ya katili. Anatabasamu, anatania. Anapokuta kibanda chenye mayai ya viumbe hao anaamuru kichomwe moto, na mayai yanapopasuka anaieleza kamera kwamba mlio wake ni kama wa bisi.

Katika kibanda kimojawapo anaokota kichupa, kinamrushia majimaji meusi usoni. Hapo ndipo mabadiliko yanapoanza. Pua inatoka uchafu mweusi. Kucha zinalegea na kung'oka. Nyumbani, mbele ya wageni waliokuja kumpongeza kwa cheo kipya, anatapika na kuanguka. Anakimbizwa hospitali. Daktari anakata bandeji ya mkono aliouumiza siku ile, na ndani yake hakuna tena mkono wa mtu. Kuna kucha ngumu za kiumbe.

Kisayansi jambo hilo haliwezekani. Mtu akirushiwa kimiminika usoni, chembechembe zake za urithi hazigeuki zikawa za kiumbe kingine, sembuse kuota kiungo kipya kwa muda mfupi namna ile. Mwongozaji analijua hilo, wala hapotezi muda kutueleza mitambo yake. Anachotaka ni tutazame kinachotokea baada ya bandeji kufunguliwa.

Daktari anarudi nyuma. Muda si muda Wikus anachukuliwa na watu wa kampuni yake mwenyewe. Kampuni hiyo kwa miaka mingi ilikuwa imeshika silaha za viumbe hao, ikashindwa kuzitumia kwa sababu zinaitika tu zikishikwa na mwenye chembechembe zao. Sasa wamempata mtu wa kuzifyatua. Wanamfunga kwenye mitambo, wanalazimisha mkono wake ufyatue silaha moja baada ya nyingine kwenye mizoga ya nguruwe. Halafu wanaleta kiumbe hai. Wikus analia, anawasihi wasimfanye auwe. Hakuna anayemjibu. Silaha inafyatuka.

Tazama vizuri hapo, ndugu msomaji. Mtu huyu anazungumza lugha yao, wanamfahamu kwa jina, baadhi yao ni wafanyakazi wenzake. Wanajadiliana juu ya kumpasua kabla mabadiliko hayajaenea mwili mzima, naye amelala palepale anasikia. Baba mkwe anaulizwa, naye anakubali. Mwili umebadilika sehemu ndogo tu, mkono mmoja. Akili ni ileile, na machozi ni ya mtu. Kilichobadilika kabisa ni hesabu yake katika vichwa vya wenzake: jana alikuwa mtu, leo ni mali ya kampuni.

Mambo haya Afrika Kusini hayakuwa ya kubuni. Mwaka 1950 serikali ya Makaburu ilipitisha sheria ya kuandikisha kila raia kwa rangi yake, na sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1991. Maofisa waliangalia ngozi, pua na nywele. Penseli ilichomekwa kwenye nywele za mtu ili ionekane kama itaanguka au itanasa. Mwaka 1966 Sandra Laing, msichana wa miaka 10 aliyezaliwa na wazazi Wazungu, alifukuzwa katika shule ya Wazungu kwa kuwa ngozi yake ilikuwa nyeusi kuliko ya wenzake na nywele zake zilikuwa za kipilipili. Serikali ikamwandika kuwa chotara. Mwaka uliofuata ikamrudisha kuwa Mzungu. Mwilini mwake hapakuwa na kitu kilichobadilika. Karatasi ndiyo iliyobadilika, na pamoja nayo shule ya kusoma na mahali pa kuishi.

Jina la picha nalo lina asili yake. Mwaka huohuo wa 1966 mtaa wa District Six, mjini Cape Town, ulitangazwa kuwa wa Wazungu peke yao. Watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa, nyumba zao zikabomolewa. Na mabanda tunayoyaona kwenye picha hayakujengwa na mafundi wa sinema. Ni mabanda halisi ya Chiawelo, Soweto, ambayo wakazi wake walikuwa wakihamishwa.

Haki itendeke lakini, picha hii nayo ina doa. Inawaonyesha Wanigeria kama genge la majambazi wanaokula nyama ya viumbe wakidhani watapata nguvu zao, na mkuu wa genge amepewa jina linalokaribia la Rais wa zamani Olusegun Obasanjo. Mwaka 2009 Waziri wa Habari wa Nigeria, Dora Akunyili, aliyataka majumba ya sinema nchini mwake yaache kuionyesha. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Mwezi Mei 2008, mwaka mmoja tu kabla picha haijatoka, watu zaidi ya 60 waliuawa Afrika Kusini katika ghasia dhidi ya wageni, wengi wao Waafrika wenzao kutoka nchi jirani. Picha inayokemea dharau kwa mgeni ilipaswa kuwa ya mwisho kumdharau mgeni.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wikus aliona notisi zake ni kazi ya ofisi tu, mpaka mkuki ulipomgeukia. Anapotoroka hana pa kukimbilia isipokuwa mtaa uleule aliokuwa akiubomoa, na wa kumsaidia ni kiumbe yuleyule ambaye asubuhi ya jana alimdai sahihi.

Tusingoje mikono yetu iote kucha ndipo tujue uchungu huo. Tukisikia kundi lolote la watu likiitwa kwa jina la mdudu au mnyama, liwe la wakimbizi, la machinga au la watu wa kabila jingine, tujue bandeji imeshaanza kufunguliwa. Wakati wa kusema "huyu ni mtu" ni hapo, kabla wakubwa hawajaanza kujadiliana juu ya kichwa chake.