Mama Anaposafiri Peke Yake Kwenda Kusikiliza Muziki

Mama akifunga mzigo kwenda msibani, hakuna amwulizaye. Akienda mkoa mwingine kumwuguza mkwe wake, jirani humsaidia kubeba kikapu hadi kituoni. Akipanda basi kwenda Nairobi kuchukua nguo za kuuza, watu husema, "Mama huyu anajitahidi." Lakini akisema kwamba anakwenda huko kusikiliza kwaya ikiimba jioni moja, kisha arudi, maswali huanza. Anakwenda na nani? Watoto anamwachia nani? Mumewe amekubali? Na fedha hizo, hazina kazi nyingine nyumbani?

Si kwamba maswali hayo ni mabaya yote. Mengine ni ya haki, na mama mwenye busara hujiuliza mwenyewe kabla hajaulizwa. Ubaya ni kwamba, kwa kuyaogopa, baadhi ya akina mama huacha kabisa kutamani jambo lolote la furaha yao wenyewe, na wengine hutamani kisha wakasema uongo. Katika makala haya tutaitazama safari ya namna hiyo: mama wa Moshi au Arusha anayekwenda Nairobi peke yake, kwa tamasha la nyimbo, akiwa na amani na nyumba yake.

Je, ni anasa?

Wapo wanaosema kwamba kusafiri kwa ajili ya muziki ni mambo ya vijana wasio na majukumu. Hata hivyo, watu wa Mungu wamesafiri tangu zamani wakiwa na nyimbo vinywani. Zaburi 15, kuanzia ya 120 hadi ya 134, zinaitwa nyimbo za kupanda, na wengi huamini kwamba ziliimbwa na watu waliokuwa njiani kwenda Yerusalemu kwa sikukuu. Mariamu mwenyewe, kama tusomavyo katika Luka sura ya 2, alikwenda huko pamoja na Yosefu kwa sikukuu ya Pasaka.

Hata katika historia ya muziki wa kanisa upo mfano mzuri. Mwaka 1705 Johann Sebastian Bach, ambaye wanakwaya wetu wanaosoma noti wanamfahamu, alikuwa kijana wa miaka 20, mpiga kinanda wa kanisa katika mji wa Arnstadt, Ujerumani. Aliomba ruhusa ya majuma 4, akasafiri kiasi cha kilomita 400, na inasimuliwa kwamba alikwenda kwa miguu, hadi mji wa Lübeck. Alitaka kumsikia mzee Dieterich Buxtehude, mpiga kinanda wa Kanisa la Mtakatifu Maria. Alichokisikia kule kilimsaidia katika kazi yake.

Lakini habari hiyo ina upande wa pili. Bach alikaa karibu miezi 4 badala ya majuma 4. Aliporudi, mwezi Februari 1706, aliitwa mbele ya wakubwa wa kanisa kueleza alikuwa wapi. Tunajifunza mambo mawili: kiu ya kusikia muziki mzuri si aibu, na aliyeaga kwa siku tatu arudi kwa siku tatu.

Njia ya mwongo ni fupi

Mama mmoja wa Moshi, mwalimu na mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya usharika wake, alikubali tusimulie yaliyompata bila kutaja jina lake. Kwaya kutoka Afrika Kusini, ambayo alikuwa akiisikiliza kwa miaka mingi, ilitangaza kwamba itaimba Nairobi siku ya Jumamosi. Alikuwa na akiba yake ya kutosha nauli, kiingilio na malazi. Kilichokosekana ni ujasiri wa kumwambia mumewe. Akasema anakwenda kuchukua nguo za biashara pamoja na jirani mmoja mfanyabiashara.

Jumamosi mchana mtoto wake wa mwisho alipata homa kali. Baba alimchukua kumpeleka hospitali, akaitafuta kadi ya bima ya mtoto kabatini asiione. Ilikuwa ndani ya mkoba wa mama, Nairobi. Alipompigia simu hakupatikana, kwa kuwa laini yake haikuwa imeunganishwa kwa matumizi ya nje ya nchi. Akampigia yule jirani mfanyabiashara. Jirani akapokea akiwa dukani kwake, hapo hapo Moshi.

Mtoto alitibiwa kwa fedha taslimu na akapona. Mama alirudi Jumapili jioni akiwa na furaha ya nyimbo, asijue lolote.

"Hakunigombeza," anasema. "Aliniuliza neno moja tu: 'Ungeniambia, ningekukataza?' Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwahi kumwuliza. Kwa miezi mingi baada ya hapo, kila nilipotoka, hata nikienda mazoezi ya kwaya, alinipigia simu kuhakikisha nilipo. Nilikuwa nimemfundisha kutoniamini."

Tazama vizuri kilichovunjika hapo. Baba yule hakuumizwa na kwaya wala nauli. Aliumia kwa sababu katika saa ya shida hakujua mke wake yuko wapi. Baadaye mama huyo alikwenda Nairobi tena kwa tamasha jingine. Safari hiyo mumewe mwenyewe alimsindikiza kituo cha mabasi alfajiri, na kadi ya bima ilibaki nyumbani.

Mazungumzo kabla ya tiketi

Tiketi isinunuliwe kabla ya mazungumzo. Baba akiambiwa, "Nimekwisha kulipa," anapewa taarifa tu, hashirikishwi. Chagua saa ya utulivu, watoto wakiwa wamelala, ukaseme wazi: "Baba watoto, kuna kwaya natamani kuisikia. Inaimba Nairobi mwezi ujao. Ningependa kwenda Ijumaa na kurudi Jumapili. Unaonaje?" Usianze kwa kulalamika kwamba yeye huenda kutazama mpira na wewe huendi popote. Hoja hiyo yaweza kuwa ya kweli, lakini huleta ugomvi wa mpira badala ya makubaliano ya safari.

Kubalianeni mambo manne. Kwanza, tarehe ya kwenda na saa ya kurudi. Pili, fedha: kiasi gani, na zinatoka wapi. Ada ya shule na chakula visiguswe. Ni afadhali kuweka akiba kidogo kidogo kwa miezi sita kuliko kukopa kwa ajili ya tamasha. Tatu, watoto watabaki na nani, na nani atakuwa na dawa, kadi za matibabu na namba za simu za muhimu. Nne, mtawasiliana saa ngapi.

Je, akikataa? Msikilize sababu yake. Huenda anaogopa usalama wako, na hofu hiyo hupungua akiona mpango ulioandikwa. Huenda fedha ni kidogo kweli, au kuna mgonjwa nyumbani. Katika 1 Samweli sura ya 1 tunasoma kwamba Elkana alikuwa akienda Shilo kila mwaka pamoja na nyumba yake. Hana alipojifungua Samweli, alimwambia mumewe kwamba mwaka huo hatakwenda mpaka mtoto aachishwe kunyonya, naye Elkana akamwachia afanye aonavyo vema. Mke alisema la moyoni, mume akasikia, nyumba ikabaki na amani. Mama mwenye mtoto mchanga asione ameshindwa akingoja mwaka mwingine. Tamasha jingine litakuja.

Hati za safari na mpaka

Kutoka Arusha hadi Namanga ni kiasi cha kilomita 110, na kutoka Namanga hadi Nairobi ni kama kilomita 165. Panda basi la asubuhi ili ufike mchana. Mwanamke aliye peke yake asipange kuingia usiku katika jiji asilolijua.

Mtanzania hahitaji viza kuingia Kenya. Januari 2024 Kenya ilianzisha kibali cha kuomba kwa njia ya intaneti kwa wageni, lakini raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakuwekwa katika sharti hilo. Hata hivyo unahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari inayotolewa na Idara ya Uhamiaji. Wengine hudhani kitambulisho cha taifa kinatosha kwa kuwa wamesikia Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wakivuka kwa vitambulisho. Utaratibu huo ulianza mwaka 2014 kati ya nchi hizo tatu, na Tanzania haikuwamo. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana mpakani yaweza kuulizwa. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, cheti cha chanjo hiyo hudumu maisha yote. Kwa hiyo kadi yako ya zamani usiitupe.

Namanga pana kituo cha pamoja cha mpaka, kilichozinduliwa Desemba 2018. Ukienda Kenya unaingia katika jengo la upande wa Kenya, na humo utawakuta maofisa wa nchi zote mbili: mmoja anakugongea muhuri wa kutoka, mwingine wa kuingia. Usimpe pasipoti yako kijana yeyote anayejitolea "kukusaidia". Simama kwenye foleni mwenyewe, ukiwa na mkoba mbele yako. Fedha nazo usibadilishe kwa watu wa barabarani; tafuta duka la kubadilisha fedha au benki, uhesabu kabla ya kuondoka dirishani.

Jambo dogo linalosahaulika: mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Maandazi yako ya njiani yafunge katika chombo chenye mfuniko au kikapu.

Ukifika Nairobi

Malazi yalipiwe kabla hujaondoka nyumbani. Makanisa kadhaa yana nyumba za wageni Nairobi, kama ile ya Methodist iliyoko Lavington. Mahali pa namna hiyo pana utulivu na mlinzi langoni. Acha jina na simu ya mahali hapo kwa mumeo na kwa mtu mwingine mmoja, labda dada yako.

Kabla ya kuchagua malazi, uliza tamasha litafanyika wapi. Jumba la mikutano la KICC, lililofunguliwa mwaka 1973, liko katikati ya jiji, lakini uwanja wa Kasarani, uliofunguliwa mwaka 1987, uko mbali kando ya barabara ya Thika. Usifikiri kwamba kwa sababu yote ni Nairobi, yote ni karibu. Foleni ya magari ya jioni yaweza kukula saa nzima na zaidi.

Uwe mwangalifu na mazoea ya shilingi. Mtanzania akisikia "elfu moja" huona ni fedha ndogo, lakini elfu moja ya Kenya ni maelfu mengi ya kwetu. Andika hesabu kwenye karatasi na uitazame kabla ya kulipa. Gawanya fedha zako sehemu tatu, zisikae pamoja. Nunua laini ya Kenya, au uunganishe yako mapema. Beba sweta pia: Nairobi iko juu kuliko Moshi, na kati ya Juni na Agosti baridi ya jioni hupenya kitenge.

Usiku wa tamasha, fika mapema wakati kungali mwanga. Keti karibu na akina mama wenzako, ujitambulishe. Mara nyingi utawakuta wanakwaya kama wewe. Usiache kinywaji chako kikiwa wazi. Panga mapema gari la kukurudisha, na dereva awe ametoka kwa wenyeji wako au kampuni inayofahamika. Ikiwa nyimbo zinaendelea na gari limefika, nenda. Ni afadhali kukosa wimbo wa mwisho kuliko kutafuta usafiri peke yako saa sita za usiku.

Na ukiwa umeketi pale, sikiliza. Usitumie jioni nzima kupiga picha za kuwaonyesha watu, wala kujilaumu kwamba watoto wamekula nini. Umeagana nao vizuri. Wako mikononi mwa baba yao na mwa Mungu. Mama anayewahudumia wengine mwaka mzima anahitaji mara moja moja kuketi na kupokea.

Utakachorudi nacho

Zawadi si lazima ziwe nyingi. Biskuti kwa watoto na shukrani za kweli kwa baba zinatosha. Rudi kwa saa uliyosema, na ukichelewa njiani, piga simu. Waimbie watoto ulichojifunza, na ukipeleke pia kwenye mazoezi ya kwaya Jumatano. Kisha mwulize mumeo siku zake tatu zilikwendaje, umsikilize mpaka mwisho. Huenda naye amejifunza mengi kuhusu sare za shule na uji wa asubuhi. Na ikiwa yeye pia ana safari aliyoificha moyoni, kumsikia mwalimu fulani wa Neno au kumtembelea rafiki wa ujana, sasa ni zamu yako kusema, "Nenda, nyumba nitaiangalia."