Geoffrey Holder: Kijana Mwenye Kigugumizi

Huenda siku za kwanza za kisomo uliona haya kusimama na kusoma mbele ya wenzako. Hukuwa peke yako. Soma habari za Geoffrey Holder. Yeye alichekwa darasani, lakini baadaye alijulikana katika nchi nyingi.

Holder alizaliwa tarehe 1 Agosti, 1930, katika mji wa Port of Spain. Mji huo uko Trinidad, kisiwa cha Bahari ya Karibi karibu na pwani ya Venezuela. Wakati huo Trinidad ilitawaliwa na Waingereza. Ilipata uhuru mwaka 1962.

Alipokuwa mtoto, Holder alikuwa na kigugumizi. Aliposimama kusoma, wanafunzi wenzake walicheka. Je, mtoto kama huyo hana akili? La. Kigugumizi ni shida ya kutamka maneno. Si upungufu wa akili.

Kaka yake, Boscoe, alikuwa mchoraji, mpiga piano na mchezaji wa ngoma. Alikuwa na kundi lake la ngoma. Holder alimtazama kaka yake akichora, naye akajifunza kuchora. Alipofika umri wa miaka 7 aliingia katika kundi hilo. Kucheza ngoma hakuhitaji ulimi mwepesi. Boscoe alipohamia Uingereza, Holder akawa kiongozi wa kundi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu wa ngoma kutoka Marekani, mama Agnes de Mille, aliliona kundi hilo likicheza. Alimkaribisha Holder aende New York kujaribiwa. Lakini nauli ilikuwa shida. Holder alifanya nini? Aliuza picha zake 20 alizochora mwenyewe. Fedha hizo zikalipa nauli yake na ya wenzake. Kazi moja ya mikono yake ilifungua mlango wa kazi nyingine.

Mwaka 1954 alicheza katika mchezo mkubwa wa jukwaani mjini New York. Humo alikutana na Carmen de Lavallade, mchezaji ngoma hodari. Walioana mwaka 1955, wakaishi pamoja mpaka kifo kilipowatenganisha.

Holder alikuwa mrefu, karibu mita 2, na sauti yake ilikuwa nzito. Mwaka 1973 aliigiza katika filamu ya James Bond iitwayo Live and Let Die. Alisikika pia katika matangazo ya soda kwenye televisheni. Hebu fikiri! Yule mtoto aliyeshindwa kutamka maneno sasa alilipwa kwa ajili ya sauti yake.

Mwaka 1975 aliongoza mchezo uitwao The Wiz. Waigizaji wake wote walikuwa watu weusi. Siku za mwanzo mchezo huo ulikaribia kufungwa. Baadaye watu walifurika, ukaonyeshwa zaidi ya mara 1,600. Holder alipata tuzo mbili za Tony, ambazo hutolewa Marekani kwa michezo bora ya jukwaani. Moja ilikuwa ya kuongoza mchezo. Ya pili ilikuwa ya kubuni mavazi ya waigizaji.

Holder alifariki New York tarehe 5 Oktoba, 2014, akiwa na umri wa miaka 84.

Tumeona kwamba Holder hakusubiri kigugumizi kiishe ndipo aanze kazi. Alianza na kile alichokiweza. Pia alikuwa na ndugu aliyemwonyesha njia. Basi, mwenzako akikwama anaposoma, usimcheke. Mngojee amalize.

Maswali
1. Holder alipataje nauli ya kwenda New York?
2. Alipata tuzo mbili kwa kazi zipi?
3. Jadilianeni: Katika kijiji chenu, watoto wenye kigugumizi husaidiwaje?