Ghorofani au Bondeni: Nani Ataishi Karibu na Mji wa Kampala?

Askari wa polisi wa zamu ya usiku katikati ya Kampala, muuguzi wa Hospitali ya Mulago na mchukuzi wa soko la Owino wana haja moja, nayo ni makazi ambayo mtu aweza kuyafikia kwa miguu kazi inapokwisha. Haja hiyo ndiyo iliyojaza watu Kisenyi, Katanga na Kamwokya, mitaa isiyo mbali na maduka makubwa na ofisi za Serikali. Hakuna ramani ya mji iliyowaita wakazi hao, wala hakuna ramani iliyoweza kuwazuia.

Jambo hili lazihusu sana familia za askari. Kambini nyumba hutolewa pamoja na kazi, na siku kazi inapokoma nyumba nayo hukoma. Waliolea watoto katika vile vibanda vya mabati vya mviringo, ambavyo askari wenyewe walivipa jina la "mama ingia pole", wanajua maana ya familia nzima kuishi katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Anayestaafu hapendi kuinunua tena hali ile kwa fedha zake mwenyewe. Kwa hiyo yampasa afahamu kanuni zinazoamua ni watu wangapi wanaweza kuishi katika kiwanja kimoja, na kwa masharti gani.

MPAKA ULIOGAWA MJI

Wakati wa ukoloni Kampala ilikuwa kama miji miwili iliyopakana. Upande mmoja ulikuwa wa manispaa, ambako uzunguni, katika vilima vya Nakasero na Kololo, viwanja vilipimwa vikubwa na kila nyumba ikasimama katikati ya bustani yake. Upande wa pili ulikuwa Kibuga, mji mkuu wa Buganda huko Mengo, ambako kanuni za manispaa hazikufika. Mfanyakazi Mwafrika alihesabiwa kuwa mpita njia, atakayefanya kazi mjini kisha arudi kwao. Basi alipanga chumba Kibuga, ng'ambo tu ya mpaka.

Mipango ya mji ilitungwa mmoja baada ya mwingine: wa A. E. Mirams mwaka 1930, wa Ernst May mwaka 1947, na wa Henry Kendall mwaka 1951. Katika miaka ya 1950 zilijengwa nyumba za wafanyakazi huko Naguru na Nakawa, lakini hazikutosheleza haja.

Mwaka 1968 mipaka ya Kampala ilipanuliwa, Mengo ikaingizwa ndani ya jiji. Mpaka wa ramani ulifutwa, lakini mpaka wa ardhi ulibaki. Sehemu kubwa ya ardhi ya Kampala ni ya mailo, iliyotokana na Mapatano ya Buganda ya 1900. Katika ardhi hiyo mwenye hati aweza kuwa mmoja na mwenye kibanja akawa mwingine, nao wote wawili wana haki mbele ya sheria. Kibali cha ujenzi hakipatikani bila uthibitisho wa haki juu ya ardhi. Mwenye kibanja asiyeafikiana na mwenye hati hujenga bila kibali; naye ajengaye akihofu kuvunjiwa hathubutu kujenga ghorofa. Hujenga safu ya vyumba vya chini, chumba kimoja kwa familia moja, vijulikanavyo kwa Kiganda kama mizigo, kwa gharama ndogo ili hasara nayo iwe ndogo. Ndivyo mabonde yalivyofurika watu.

WINGI WA WATU SI UBAYA

Hesabu ya mwaka 1991 ilikuta watu 774,241 katika Kampala. Ile ya mwaka 2014 ilikuta watu 1,507,080. Katika miaka 23 watu waliongezeka karibu mara mbili, lakini ardhi ya jiji, yenye eneo la kilomita za mraba 189, haikuongezeka. Watu wanapozidi na ardhi isizidi, njia ni tatu: wasongamane chini, wahamie mbali, au wajengewe juu. Anayehamia mbali hulipa nauli kila siku, na saa za kukaa na wanawe humpotelea njiani.

Wako wanaodhani kwamba wingi wa watu ndio uletao maradhi. Kinachodhuru si hesabu ya watu, bali ni kukosekana kwa maji safi, choo, mfereji na njia ya kupita. Katika flati za Bugolobi, zilizojengwa na shirika la nyumba la Serikali katika miaka ya 1970, familia huishi ghorofa juu ya ghorofa na bado pana nafasi wazi baina ya jengo na jengo. Huko Bwaise nyumba nyingi ni za chini. Lakini kwa kuwa zimejengwa katika njia ya maji, mvua kubwa huingia hadi vitandani na vyoo vya shimo hufurika.

Hata hivyo, kujenga juu bila kanuni ni hatari kubwa zaidi. Mjini Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Ilibainika kwamba lilikuwa limepita idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa.

Kubomoa nako peke yake si kupanga. Mwaka 2011 nyumba za zamani za Naguru na Nakawa zilivunjwa ili pajengwe mji mpya wa ghorofa, na wapangaji wa zamani wakaahidiwa nafasi ndani yake. Mji huo haukusimama kama ulivyochorwa. Kwa miaka mingi majani yaliota mahali palipokuwa na makazi, na waliohamishwa wakatawanyika wakitafuta vyumba kwingine.

YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Sheria zipo. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 iliifanya nchi nzima kuwa eneo la mipango, na Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 yataka kibali kabla ya kujenga na kibali kingine kabla ya watu kuingia kuishi. Sheria ya mwaka 2001 ya umiliki wa flati yamwezesha mtu kupata hati ya nyumba yake iliyo ghorofani, hata kama ardhi ni ya wote. Kabla ya kutoa pensheni yake, mnunuzi na mkewe na waulize haya:

Kwanza, hati imesajiliwa kwa jina la nani, na je, yupo mwenye kibanja juu ya ardhi hiyo? Pili, ramani ya jiji imelitenga eneo hilo kwa makazi, au ni ardhi ya kinamasi ambayo Katiba ya 1995 imeikabidhi Serikali kuihifadhi kwa niaba ya wananchi? Tatu, kibali kiliruhusu ghorofa ngapi, na zilizosimama ni ngapi? Nne, maji machafu yanakwenda wapi? Tano, moto ukizuka, watoto watatokea wapi, na gari la zimamoto litapita wapi?

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Rangi ya ukuta haijibu hata moja kati ya maswali hayo.

Wenye mamlaka nao wana wajibu. Wakiwasaidia mwenye hati na mwenye kibanja kuafikiana, vijiwanja vidogo vyaweza kuunganishwa, na safu za mizigo zikaacha nafasi kwa jengo moja la ghorofa lenye mfereji, ngazi na uwanja. Wasipofanya hivyo watu wataendelea kuja, kwa maana kazi iko mjini. Nao watapata pa kulala bondeni, pasipo maji wala choo.