Masta ya saikolojia ya kliniki si diploma ya kutoa mashauri

Kila mwaka wadogo wanaomaliza lisansi wananiuliza: "Kaka, masta ya saikolojia ya kliniki inafundisha nini? Na kazi iko?" Leo najibu kadiri nilivyoipitia mwenyewe.

Kwanza tutofautishe. Daktari wa magonjwa ya akili amesoma udaktari, na yeye anaandika dawa. Mwanasaikolojia wa kliniki haandiki dawa. Chombo chake ni mazungumzo, uchunguzi na vipimo. Kama unataka kuandika dawa, njia yako ni fakilte ya udaktari, usipoteze miaka.

Katika mfumo wa LMD, lisansi ni miaka 3 na kredi 180, masta ni miaka 2 na kredi 120. Unasoma magonjwa ya akili, namna ya kuhoji mgonjwa, vipimo, aina za tiba, takwimu. Halafu kuna staji na memwari. Wengi wanaogopa takwimu. Mimi iliyoniangusha ni staji.

Siku zangu za kwanza nilipewa mama mmoja aliyekimbia vita, usiku halali. Akaanza kusema, kisha akanyamaza. Ule ukimya ukanishinda. Nikaujaza haraka: "Mama, vumilia tu, Mungu iko, itapita." Akanijibu: "Aksanti, mwanangu." Hakurudi tena.

Msimamizi alisoma ripoti yangu, akaniuliza swali moja tu: "Wakati alinyamaza, nani alikuwa anateseka, yeye ao wewe?" Nilikosa la kusema. Pale ndipo nilielewa masta ni ya nini. Kutoa mashauri, hata jirani anaweza. Sisi tunajifunza kubaki na mtu ndani ya maumivu yake bila kumkimbia, na mtu mwenye uzoefu anatuangalia na kutusahihisha.

Jambo lingine ni lugha. Kuna kipimo kinaitwa PHQ-9: maswali 9 juu ya wiki 2 zilizopita, alama kutoka 0 mpaka 27. Kwenye karatasi ni rahisi. Lakini mtu wetu hasemi "niko na depresioni." Anasema "mawazo ni mingi," "kichwa inawaka moto." Vitabu vyetu ni vya Kifaransa, mgonjwa anaongea Kiswahili, Mashi ao Kinande. Usipojua kulifikisha swali katika lugha yake, alama unayoandika haina maana.

Na kazi? Mahitaji ni makubwa, nafasi ni chache. Vituo kama CNPP ya Kinshasa, SOSAME ya Bukavu ao Tulizo Letu ya Goma havitoshi kwa nchi kubwa hivi. Mashirika yanaajiri pia, ila mara nyingi mradi ukiisha, mkataba nao unaisha. Ujue hivyo mapema.

Kwa hiyo, mbele ya kulipa minervali, uliza maswali matatu. Masta hii inatambuliwa na wizara? Staji tutafanyia wapi, kwa muda gani? Na nani atanisimamia kila wiki? Wakikosa jibu la hilo la tatu, tafuta kwengine. Diploma utaipata tu, lakini atakayelipa makosa yako ni mgonjwa. Mimi yule mama ningali namuwaza.

Tusonge mbele, wandugu.