Ukingo, Pindo na Mpaka

Ukishuka Bondeni, yaani bonde la Kyela, wakati wa masika, kabla hujaliona Ziwa Nyasa utayaona majaruba ya mpunga. Simama kando ya jaruba moja umtazame mkulima akichota tope kwa jembe, akilibandika juu ya tuta, kisha akilishindilia kwa nyayo. Tuta hilo ndilo ukingo. Jina lake limetoka kwenye kukinga, na hapo jarubani huhitaji kamusi kulielewa: tuta likipasuka, maji yanakimbia na miche inabaki juani. Ukingo wa mto nao ni ule udongo unaoyakinga maji yasiingie shambani.

Maneno mengi ya ukoo huu wa kingo yametokana na kazi. Pindo limetoka kwenye kupinda, kwa maana upande wa nguo hupindwa ukashonwa usifumuke. Kwenye khanga pindo ni pia yale mapambo yanayouzunguka mji, yaani sehemu yake ya katikati. Mwambao umetoka kwenye kuambaa, yaani kupita kandokando, kama mitumbwi ya Matema inavyoambaa ziwani chini ya milima ya Livingstone. Pwani ni pale maji yanapokupwa. Ndiyo maana mimi siiti pwani kando ya Ziwa Nyasa, kwa kuwa ziwa halipwi wala kujaa kama bahari. Ufukwe unatosha. Na Wakisi, wanaouza vyungu vyao sokoni Lyulilo, wakimaliza kufinyanga hulainisha mdomo wa chungu: hapo ukingo umepewa jina la kiungo cha mwili.

Mpaka ndio ninaoupenda zaidi. Ndugu yake ni kupakana, na hakuna awezaye kupakana peke yake. Lazima awepo jirani. Ng'ambo ya Mto Songwe, huko Karonga nchini Malawi, wanaishi Wangonde, ambao lugha yao na ya Wanyakyusa wa Kyela ni kama ndugu wa tumbo moja.

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa Heligoland bila kumuuliza mtu wa Bondeni. Mstari wa mpaka kati yao uliambiwa ufuate *shore*, yaani ufukwe, wa ziwa, upande wa mashariki, kaskazini na magharibi, hadi ukingo wa kaskazini wa mlango wa Songwe. Neno hilo la Kiingereza wanaisimu hulihusisha na kitenzi cha kale cha kukata, na kweli lilikata: kwa kulifuata, mama wa Matema anayeingia ziwani hadi magotini kuteka maji ameshavuka mpaka. Songwe nayo ikifurika huhama mkondo, na shamba lililolala upande mmoja likaamkia upande wa pili.

Katika mzozo wa mpaka huo, Malawi inashikilia maneno ya mkataba. Tanzania inashikilia kanuni ya mstari wa katikati ya maji. Mwaka 2012, kwa sababu ya utafutaji wa mafuta, mzozo uliwaka upya, na Joaquim Chissano, rais mstaafu wa Msumbiji, akaongoza jopo la usuluhishi. Hadi leo ramani za Tanzania huuchora mpaka katikati ya ziwa, na za Malawi huuchora ufukweni.