Anga Ikifungwa, Bosi Wako Yuko Wapi?

Juni 23, 2025, Qatar ilifunga anga yake ghafla. Muda mfupi baadaye Iran ikarusha makombora kwa kambi ya Al Udeid, waliko wanajeshi wa Marekani. Ndege zilizokuwa zikielekea Doha ziligeuzwa njiani. Anga ilifunguliwa baada ya saa kadhaa, ila ratiba zilikuwa zishavurugika.

Hapo ndipo unajua mwajiri ni nani. Mhasibu wa kampuni kubwa anapigiwa simu, analipiwa hoteli, tiketi inabadilishwa. Dada wa kazi za nyumbani je? Chini ya mfumo wa kafala, viza yake iko mikononi mwa bosi, na mara nyingi pasipoti pia. Lebanon mwaka 2024, mabomu ya Israel yalipozidi, kuna mabosi walitoroka wakawaacha wafanyakazi wao, wengine wakiwa wamefungiwa ndani. Huo si uzembe, ni unyama.

Kwa hivyo kama unapanga kwenda majuu, muulize ajenti kabla hujatia sahihi: uwanja ukifungwa, nani analipa tiketi mpya? Mshahara unaendelea? Pasipoti nakaa nayo mimi? Akikwambia "usijali, tutaona," mwambie aiandike kwenye mkataba. (Utaona vile atakohoa.)

Piga picha pasipoti, viza na mkataba, utumie mtu nyumbani, maana simu nayo hunyang'anywa. Ukifika, jiandikishe kwa ubalozi. Wakenya wa Lebanon mwaka ule walihudumiwa kutoka Kuwait, kwa hivyo uliza mapema wako uko nchi gani.