Tusiyaache Maneno ya Bahari Yakapwelewa

Kila kiangazi familia nyingi za Uingereza hufunga mashua ndogo ya injini juu ya trela, trela nyuma ya gari, zikavuka bahari kwa feri kuelekea Ufaransa. Wengine huenda mbali zaidi, hadi Uswidi au Kroatia. Wafikapo huko huishusha mashua majini na kufuata ufuo kwa wiki moja au mbili, wakilala bandari hii leo na bandari ile kesho, kisha huipandisha tena na kurudi makwao. Yamkini msomaji atasema kwamba hayo ni mambo ya watu wenye fedha za kuchezea, na hatakuwa amekosea sana. Hata hivyo, kwa mwanaisimu safari ya namna hii ni mtihani mzuri wa lugha. Kila hatua yake inadai jina mahususi, na asiyekuwa na jina hilo atababaika kama nahodha asiyekuwa na usukani.

Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu wa somo la tafsiri makala iliyosimulia likizo kama hiyo. Matokeo yalinichekesha kwanza, kisha yakanihuzunisha. Mmoja aliandika kwamba familia ile "ilizindua mashua", kana kwamba mashua ni kitabu kipya au kampeni ya chanjo. Mwingine alisema kwamba mashua "ilikimbia ardhini", hali iliyokusudiwa ni kwamba maji yalitoka ikakwama juu ya mchanga. Takriban wote walihitaji maneno matano au sita kueleza jambo ambalo Kiswahili hulieleza kwa neno moja. Vijana hawa si wavivu, na baadhi yao ni wazaliwa wa pwani. Upungufu haukuwa wa lugha, kwa maana lugha ilikuwa tajiri tangu hapo. Upungufu ulikuwa wa urithi ambao hawakupewa.

Hebu basi tuifuate safari yenyewe hatua kwa hatua, tuone kama Kiswahili kitatuacha njiani.

Hatua ya kwanza ni kuvuta. Mabaharia wetu wana kitenzi kufungasa, maana yake kukifunga chombo nyuma ya chombo kingine na kukivuta. Sioni linalotuzuia kukipandisha kitenzi hiki nchi kavu na kusema kwamba mtu amefungasa mashua nyuma ya gari lake. Kufungasa kwenyewe si mchezo. Nchini Uingereza trela haliruhusiwi kuzidi upana wa mita 2.55, na mwenye leseni ya kawaida ya gari dogo hana ruhusa ya kuvuta trela la uzito unaozidi kilo 3,500. Kwa miaka mingi waliopata leseni kuanzia Januari 1, 1997 walilazimika kufanya mtihani wa ziada ili wavute trela zito. Sharti hilo liliondolewa Desemba 16, 2021. Isitoshe, uzito unaohesabiwa si wa mashua pekee, bali ni pamoja na trela lenyewe, injini, mafuta, nanga na kila kilichopakiwa ndani. Nambari ya gari sharti ionekane pia nyuma ya trela. Aghalabu nauli ya feri hutozwa kwa urefu wa gari na trela kwa jumla, hivyo kila mita ina bei yake.

Fauka ya hayo, kuna makaratasi. Tangu mwaka wa 2021 Mwingereza huingia katika nchi nyingi za Umoja wa Ulaya kama mgeni, na haruhusiwi kukaa humo zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Mashua nayo hutakiwa kuwa na hati ya usajili inayoonyesha uraia wake, na nahodha aghalabu hubeba cheti cha kimataifa cha ustadi. Kroatia hudai cheti cha ustadi kwa waendeshaji wa vyombo vya injini. Kwenye mifereji ya Ufaransa, nahodha mgeni hudaiwa pia ujuzi wa alama za njia za maji za bara la Ulaya. Kwa hakika hizo nazo ni lugha, ila zimeandikwa kwa rangi na maumbo.

Hatua ya pili ni kuteremsha chombo majini. Hapa ndipo wanafunzi wangu walipozindua mashua. Kitenzi chake ni kushua. Kinyume chake, yaani kukipandisha chombo ufuoni, ni kukweza. Mwenye busara hashui mara tu anapowasili. Magurudumu ya trela lililotoka safari ndefu huwa moto, na yakitumbukizwa ghafla katika maji baridi ya chumvi, hewa iliyomo ndani ya kitovu cha gurudumu hunywea na kuyavuta maji yaingie kwenye beringi. Kwa hiyo hungoja yapoe, na wakati akingoja hukagua kizibo kidogo kilicho chini ya mashua, ambacho huondolewa nchi kavu ili maji ya mvua yatoke. Anayekisahau huiona mashua yake ikianza kuzama mbele ya watazamaji. Kizibo hicho mabaharia wa kwetu hukiita nguruzi, na sehemu ya chini ya chombo ambamo maji hukusanyika ni ngama.

Nadhani kila mwanafunzi wa shule ya upili amewahi kukariri kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini ni wangapi wanaojua kwamba tezi ni upande wa nyuma wa chombo na omo ni upande wa mbele? Tunawapa watoto methali bila kuwapa chombo, kisha tunashangaa wanapoitumia mahali isipofaa.

Hatua ya tatu inahusu maji yenyewe. Karibu na Saint-Malo, kaskazini mwa Ufaransa, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 12 wakati wa bamvua. Katika pwani yetu ya Kenya tofauti hiyo huwa baina ya mita 3 na 4. Kwenye Bahari ya Baltiki, kinyume chake, maji hayapandi wala kushuka kwa kiasi cha kutia maanani. Mgeni anayeshua mashua Saint-Malo asubuhi bila kutazama jedwali la maji huenda akarudi jioni akaikuta bandari ni uwanja wa tope. Sisi huita kipindi ambacho maji hupanda na kushuka sana bamvua, na kile ambacho hupanda na kushuka kidogo maji mafu. La kuvutia ni kwamba Wafaransa nao huyaita haya ya pili "mortes-eaux", yaani maji mafu vilevile. Mataifa mawili yaliyo mbali hivyo yaliyatazama maji yaliyolegea, yakaona mauti. Mwalimu anayetafuta mfano wa sitiari iliyojificha ndani ya lugha ya kila siku asihangaike, mfano ndio huo.

Hatua ya nne ndiyo shabaha ya safari nzima, nayo ni kusafiri kandokando ya pwani bila kuingia kilindini. Kitenzi chake ni kuambaa. Chombo kinachoambaa hakiuachi ufuo, wala hakiugusi. Neno hilo moja linabeba raha yote ya likizo ile na hatari yake yote, kwani miamba haiko kilindini bali iko ukingoni.

Mwenye kuambaa sharti ajue pande za chombo. Mabaharia wetu wa tanga walikuwa na goshini, upande unakotoka upepo, na demani, upande unakoelekea. Pande hizo hubadilika kila upepo unapogeuka. Mashua ya injini haina tanga, hivyo hutegemea kushoto na kulia kusikobadilika. Waingereza walikuwa na majina mawili ya pande hizo yaliyokaribiana mno kwa sauti, "starboard" na "larboard". Mwaka wa 1844 wakuu wa jeshi lao la majini waliamuru hilo la pili litupwe, mahali pake pakachukuliwa na "port", kwa sababu amri iliyosikika vibaya katika dhoruba ingeweza kuangamiza meli. Hiyo ni sera ya lugha iliyotungwa ili kuokoa roho za watu.

Mfano huo una ndugu zake. Neno "mayday", ambalo nahodha aliye hatarini hulitamka mara tatu redioni, lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kutokana na Kifaransa "m'aider", yaani kunisaidia, na likakubaliwa kimataifa mwaka wa 1927. Katika miaka ya 1980 wataalamu, miongoni mwao mwanaisimu Peter Strevens, walisanifu Kiingereza chepesi cha mabaharia. Mwaka wa 2001 shirika la kimataifa la usafiri wa majini lilipitisha mafungu rasmi ya maneno ya mawasiliano baharini. Humo kila ujumbe waweza kutanguliwa na neno la kuutambulisha, kama vile swali, jibu, onyo au ombi, na tarakimu hutamkwa moja moja ili zisichanganywe. Waama, bahari haina subira na maneno yenye utata.

Sasa tujiulize: kama wenzetu wanailinda lugha yao ya bahari kwa bidii namna hiyo, sisi tunaifanyia nini yetu? Mengi ya maneno niliyoyataja yamo kamusini. Mtaalamu wa Kiholanzi A. H. J. Prins alichapisha mwaka wa 1965 kitabu kizima kuhusu utamaduni wa mabaharia wa Lamu. Hata hivyo, neno lililomo kamusini lisilotamkwa na yeyote ni kama mashua iliyoachwa mchangani na maji. Haikuvunjika, lakini haiendi popote. Kiswahili kina kitenzi cha hali hiyo pia, nacho ni kupwelewa. Ndicho walichokikosa wanafunzi wangu wakaikimbiza mashua ardhini.

Kuna watakaouliza mtoto wa Kakamega au Nyeri atafaidika vipi kwa kujua nguruzi. Jibu langu ni kwamba mtoto huyohuyo hufunzwa maneno ya theluji na ya treni za chini ya ardhi, na hatumwulizi faida yake. Ziwa Victoria na Ziwa Turkana nayo yana vyombo na mabaharia. Kadhalika, Nairobi ilikuwa mwenyeji wa kongamano la kimataifa kuhusu uchumi wa bahari mnamo Novemba 2018, na mwaka wa 2021 UNESCO iliitenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Anayetaka kuzungumza na ulimwengu kuhusu bahari kwa Kiswahili hana budi kuwa na maneno ya bahari.

Natoa wito kwa walimu wenzangu. Mnapofunza methali za bahari, chora chombo ubaoni na kukitaja kila kiungo chake. Walio karibu na maji wawatume wanafunzi kwa mafundi na wavuvi wazee, wayaandike maneno pamoja na maana na matumizi yake. Nanyi mnaotafsiri, kabla ya kubuni istilahi mpya au kukopa ya Kiingereza, muulizeni kwanza aliyezaliwa na bahari, kwani huenda babu yake alilitumia neno mnalolitafuta kabla trela halijabuniwa. Maji ya bamvua hurudi kukiokoa chombo kilichopwelewa, bora pawe na mtu wa kukisukuma. Tukiwa hatupo, yatapanda na kushuka bure.